Roboti Imesimama Mbele ya Hewa: Miwani ya Uhalisia Mseto Inasaidia Wapi?

Kwenye ghala lenye roboti za kubeba mizigo kuna tukio ambalo kila fundi wa zamu analijua. Roboti inasimama katikati ya njia. Mbele yake hapana paleti, hapana mtu, hapana hata kipande cha boksi. Inageuka kidogo kushoto, inarudi, inasimama tena. Mfanyakazi mmoja anaizunguka, wa pili anaisukuma kwa goti, wa tatu anaizima na kuiwasha upya, kisha inabidi ielekezwe tena kwa mkono ili ijue iko wapi. Chanzo chake mara nyingi ni kidogo sana. Mtu alipita pale, leza ya roboti ikamwona, ramani ya vikwazo ikaweka doa, na doa halikufutwa. Kwa roboti pale pana ukuta. Kwa binadamu pana hewa tu.

Doa hilo lina sababu ya kiufundi. Ramani ya vikwazo hufuta doa pale mwale wa leza unapopita juu yake na kugonga kitu kilicho nyuma yake. Ukumbi ukiwa mpana kuliko uwezo wa leza, mwale haurudi, na roboti haipati ushahidi kwamba njia iko wazi. Katika Nav2, mfumo wa kutafuta njia unaotumika na ROS 2 (jukwaa la programu za kuendeshea roboti), kuna mpangilio uitwao inf_is_valid unaoruhusu mwale usiorudi uhesabiwe kuwa ushahidi wa uwazi, nao huja ukiwa umezimwa. Fundi aliyesoma nyaraka anaujua. Mpanga bidhaa wa zamu ya usiku haujui, na si kazi yake kuujua.

Mwenye kompyuta mpakato anaweza kufungua RViz, programu ya ROS ya kuonyesha kile roboti inachokiona, aitazame ramani kutoka juu, kisha aanze kukisia kwamba doa lile kwenye skrini ni pale karibu na nguzo ya tatu. Mwenye miwani ya uhalisia mseto, yaani miwani inayochora picha za kompyuta juu ya dunia halisi, hakisii. Anaona waa jekundu limelala sakafuni pale pale lilipo, anahakikisha kwa macho yake kwamba hapana kitu, analigusa, ramani ya vikwazo inasafishwa, na roboti inaendelea. Hapo ndipo teknolojia hii inaporudisha gharama yake. Ni chombo cha kuondoa kutoelewana kati ya mtu na mashine kuhusu nini kiko wapi. Maonyesho mengi huiuza kama usukani wa kuendeshea roboti kwa kidole, au kama vazi la kila mtu aliyemo jengoni. Matumizi yote mawili ni dhaifu, na sababu zake zinahesabika.

Kwa ufupi kuhusu jina: mwaka 1994 Paul Milgram na Fumio Kishino walipendekeza tuifikirie dunia halisi na dunia ya kompyuta kuwa ncha mbili za mstari mmoja, na uhalisia mseto ukawa kila kilicho katikati. Kwa roboti zinazotembea, katikati hiyo ina maana ya pekee, kwa kuwa roboti yenyewe tayari inaishi kwenye dunia mbili: mwili wake uko sakafuni, maamuzi yake yako kwenye ramani.

Watu wawili wakikutana kwenye ujia mwembamba husomana. Bega linalegea upande mmoja, macho yanatupwa kulia, hatua inafupishwa, wanapishana bila neno. Dalili ya mvua ni mawingu. Roboti ya magurudumu, sanduku lililo sawa pande zote, haina mawingu. Inaweza kuwa imekwisha kuamua kupinda kulia, na aliye mita 2 mbele yake asione lolote. Mwaka 2018, kwenye mkutano wa kimataifa wa uhusiano wa binadamu na roboti uliofanyika Chicago, watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder walionyesha kwamba mtu anayefanya kazi chumba kimoja na droni hupoteza muda mchache anapoona kupitia miwani njia ambayo droni iko karibu kuipita. Wazo ni jepesi. Ugumu wake uko kwenye sentimita.

Dunia mbili zisizojuana

Katika ROS roboti huhesabu mahali ilipo kwa mnyororo wa fremu, yaani mifumo ya vipimo ambayo kila mmoja una sifuri na mihimili yake. Fremu ya map ni ukumbi mzima. Fremu ya odom ni hesabu ya magurudumu: hairuki ghafla, ila huhama polepole kadiri roboti inavyotembea. Fremu ya base_link ni mwili wenyewe. Miwani nayo ina dunia yake, iliyozaliwa pale ilipowashwa: sifuri yake ni mahali kichwa cha mvaaji kilipokuwa, na mbele yake ni kule alikokuwa ametazama. Kazi ya kwanza ni kutafuta badiliko moja la kuhamisha nukta kutoka dunia hii kwenda ile. Kazi nyingine zote zinaegemea hapo.

Kosa la mwanzo ni la mihimili. ROS inahesabu x mbele, y kushoto na z juu, kwa kanuni ya mkono wa kulia. Unity, ambako michoro mingi ya miwani hutengenezwa, inahesabu z mbele, x kulia na y juu, kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo nukta (x, y, z) ya ROS inakuwa (−y, z, x) ya Unity, na mzunguko (x, y, z, w) unakuwa (y, −z, −x, w). Aliyesahau alama ya kutoa kwenye mahali ataligundua kosa mara moja, maana roboti itachorwa upande usio wake. Aliyekosea mzunguko peke yake anaweza kukaa wiki nzima, kwa sababu roboti ikiwa imetazama mbele kabisa kila kitu kinaonekana sawa. Jaribio lake ni kuigeuza roboti nyuzi 90 kushoto kabla ya kuamini chochote.

Kisha inakuja alama. Njia iliyozoeleka ni kubandika juu ya roboti alama ya AprilTag, iliyotokana na kazi ya Edwin Olson wa Chuo Kikuu cha Michigan, au msimbo wa QR. Upana wa sentimita 16 hadi 20 unafaa kwa umbali wa kufanyia kazi. Ibandikwe kwenye bamba gumu lililonyooka, isiwe karatasi inayojikunja pembeni, wala isipakwe plastiki ing'aayo, maana taa moja ya dari ikiakisi juu yake alama inapotea. Miwani inaiona alama na kupata mahali na uelekeo wake, roboti inajua alama iko wapi mwilini mwake na mwili uko wapi kwenye ramani. Unganisha hayo matatu, hesabu imekamilika.

Imekamilika kwenye karatasi. Uelekeo wa alama inayotazamwa usoni moja kwa moja hukosea nyuzi 1 au 2 bila shida. Nyuzi 1 ya kosa, kitu kikiwa umbali wa mita 10, ni sentimita 17. Nyuzi 3 ni zaidi ya nusu mita. Mstari unaoonyesha roboti itapita kushoto kwa nguzo unachorwa kulia kwake, na aliyeuamini anasimama mahali pabaya.

Dawa ni kuuacha uelekeo wa alama na kutumia mahali pake peke yake. Itembeze roboti kwa urefu usiopungua mita 6, ipinde angalau mara moja ili kosa lililomo ndani ya ramani lijitokeze, na isimame mahali 8 hadi 12. Kila inaposimama, itazame alama kwa sekunde 2 na uchukue wastani. Ukishakuwa na makundi mawili ya nukta, moja la miwani na moja la roboti, tafuta badiliko linaloyalaza moja juu ya jingine kwa jumla ndogo kabisa ya miraba ya makosa. Miwani na roboti zote zinajua dunia inavutia upande gani, hivyo usiache hesabu itafute mwinamo. Vigezo visivyojulikana ni vinne tu: mahali kwa pande tatu, na mzunguko kuuzunguka mhimili wa wima. Kosa la sentimita 2 kwenye urefu wa mita 6 ni nyuzi 0.2, mara tano chini ya kosa la alama moja inayokosea nyuzi 1. Ni dakika 5 za kazi, na kuziruka ndiko kunakofanya mifumo mingi ionekane ya kitoto.

Badiliko hilo halidumu. Miwani ikiingia kati ya rafu zinazofanana kama pacha inaweza kudhani iko njia ya jirani na kuruka mita kadhaa kwa mkupuo. Roboti nayo ikiwa kwenye ujia mrefu wenye kuta laini pande zote haina kitu cha kuiambia imefika wapi kwa urefu, kwa sababu leza inaona kuta zile zile. Bandika alama za kudumu kwenye nguzo kila mita 10 hadi 15, pima mahali pake kwenye ramani ya roboti, na kila miwani inapoiona mojawapo isahihishe. Sahihisho dogo liingizwe polepole ndani ya sekunde moja ili mchoro usiruke machoni. Likizidi sentimita 30, ficha michoro yote na umwambie mvaaji alinganishe upya. Hili lisilegezwe hata kama mteja analalamika kwamba michoro inapotea. Mtu asiye na mchoro hutumia macho yake. Mtu mwenye mchoro wa uongo huacha kuyatumia.

Kuchelewa

Mahali pakishakubaliwa, unabaki wakati. Roboti inayokwenda mita 1.2 kwa sekunde, taarifa zake zikichelewa robo sekunde, inachorwa sentimita 30 nyuma ya ilipo. Kugeuka ni kubaya zaidi: kwa mwendo wa nyuzi 60 kwa sekunde, kuchelewa sehemu ya kumi ya sekunde ni nyuzi 6, na kitu kilichochorwa mita 4 mbele ya roboti kinahama sentimita 42.

Maabara nyingi hazilioni tatizo hili kwa sababu ya roboti wanazojifunzia. TurtleBot3 Burger haipiti mita 0.22 kwa sekunde. Kwa mwendo huo robo sekunde ni sentimita 5 na nusu, na mfumo unaonekana umeiva. Uhamishie kwenye roboti ya ghala na kila kitu kinaachana. Anayejaribia kwenye TurtleBot aweke ucheleweshaji wa makusudi wa sekunde moja na kidogo ndani ya programu, ndipo atajua mfumo wake una tabia gani.

Saa za kompyuta ya roboti na seva zilinganishwe kwa chrony, programu ya kulinganisha saa mtandaoni. Miwani kwa kawaida haikuruhusu kuweka programu hiyo, kwa hiyo tuma ujumbe mdogo kwenda na kurudi mara 20, chukua safari iliyokuwa fupi kuliko zote, gawanya muda wake kwa mbili upate muda wa njia moja, uuongeze kwenye saa iliyoandikwa na seva ndani ya jibu, ulinganishe na saa ya miwani jibu lilipofika, na utapata tofauti ya saa. Kila taarifa ya mahali iende na saa yake, na miwani iisogeze roboti mbele kwa mwendo wake wa mwisho ili kuziba pengo. Taarifa ikizidi nusu sekunde, mchoro ufifie. Ikizidi sekunde moja, uondoke na nafasi yake ichukuliwe na maneno: mawasiliano yamekatika.

Waifai ndiyo hukatika zaidi, hasa roboti inapohama kutoka kituo kimoja cha mawimbi kwenda kingine. ROS 2 yenyewe hutafuta wenzake kwa matangazo ya jumla mtandaoni, mtindo ambao waifai nyingi za maofisini huuzuia au kuuzorotesha. Ni afadhali kuweka daraja moja kati ya roboti na miwani: rosbridge, ambayo kwa kawaida husikiliza lango 9090, au ile ya Unity kwenye lango 10000. Kisha uwe bahili. Kamera ya kina, inayopima umbali wa kila nukta, ya pikseli 640 kwa 480, baiti 2 kila pikseli, picha 30 kwa sekunde, inakula megabiti 147 kwa sekunde. Laida (kipima umbali cha leza) ya Velodyne VLP-16 inatoa nukta 300,000 kwa sekunde, na kila nukta ikichukua baiti 16 hiyo ni megabiti 38. Hakuna haja ya kumpelekea mtu mzigo huo. Mahali pa roboti mara 20 kwa sekunde, njia mara 5, mstari wa leza wa sakafuni mara 5 hadi 10, na ramani pale tu inapobadilika. Haya yanapita hata kwenye waifai iliyochoka.

Mtu aone nini, na aseme nini

Majaribu makubwa ni kuchora kila kitu. Mtu anayetembea anahitaji njia ya sekunde 3 hadi 5 zijazo, iliyo na upana halisi wa roboti pamoja na mzigo wake. Ramani ya vikwazo yenye rangi za upinde, nukta zote za leza, majina ya fremu, hayo ni ya fundi aliyesimama na kuomba kuyaona.

Mstari ulale sakafuni kabisa. Hili linaonekana dogo, ila hesabu yake inashangaza: mtu ambaye macho yake yako kimo cha mita 1.6, akitazama mstari ulioko mita 4 mbele lakini umeelea sentimita 10 juu ya sakafu, ataona kama uko mita 4.27. Kosa la kimo limegeuka kosa la umbali, na limekua karibu mara tatu. Tumia kimo cha sakafu ambacho miwani imepima pale pale, usitumie sifuri ya ramani.

Miwani yenye vioo vya kupitisha mwanga huongeza mwanga tu, haiwezi kuupunguza, kwa hiyo rangi nyeusi haionekani na rangi za giza hupotea. Jua likiingia kwenye mlango wa kupakulia mizigo, hata rangi kali hufifia. Na dirisha la kuchorea ni dogo. HoloLens 2 ina nyuzi 52 za mshazari, wakati macho ya binadamu yanashika karibu nyuzi 200 kwa upana. Roboti inayokuja kwa nyuma haimo kwenye picha kabisa, hivyo weka mshale kwenye ukingo na sauti inayotokea upande huo. Roboti iliyo nyuma ya rafu ichorwe kwa mistari ya pembeni peke yake. Ikichorwa nzima, jicho linaamini iko mbele ya rafu.

Upande wa mtu kuiambia roboti una utajiri zaidi, na ndio unaopuuzwa. Leza ya chini, iliyofungwa kimo cha sentimita 20 hivi, haioni kioo. Haioni uso wa meza, inaona miguu tu. Haioni uma za foklifti zilizolazwa sakafuni. Mtu anaona vyote hivyo kwa mtupo mmoja wa jicho. Mpe uwezo wa kutembea pembeni mwa ukuta wa kioo akiuchora kwa kidole, na mchoro huo uende kwenye kichujio cha maeneo marufuku cha Nav2. Kuna na kichujio cha mwendo, ambacho kwacho msimamizi anaweza kuchora mbele ya mlango wa vyoo na kusema hapa usizidi mita 0.4 kwa sekunde. Kwa kompyuta mpakato kazi hii hufanywa kwa kuhariri picha ya ramani pikseli kwa pikseli, kwa kukadiria. Aliye sakafuni akiwa na miwani anaifanya kwa vipimo vya mahali penyewe. Kama ningelazimika kuchagua kitu kimoja tu cha kujenga pamoja na lile doa la mwanzo, ningechagua hiki.

Kuamuru kwa kunyoosha mkono, nenda pale, kunapendeza kwenye video na kunakosea sakafuni. Chukua mkono ulio kimo cha mita 1.4 unaoelekeza nukta iliyo mita 6 mbele. Mkono ukiyumba nyuzi 2 kwenda juu au chini, nukta inaangukia popote kati ya mita 5.2 na mita 7.1. Karibu mita 2 za shaka, kwa mtikisiko ambao mwenye mkono hauhisi. Ndiyo maana amri ya kidole isifanye kazi peke yake. Nukta ivutwe kwenye mahali panapojulikana, kama kituo cha kuchaji au mdomo wa rafu. Kivuli cha roboti kisimame pale kwa ukubwa wake wote, mtu aone kama kinaingia, ageuze uelekeo wake, kisha athibitishe kwa tendo la pili lisilofanana na la kwanza. Kwa mbali zaidi ya mita 4, kuchagua kutoka orodha ya majina ya vituo ni haraka kuliko kidole.

Nani avae

Hospitalini, roboti inayopeleka dawa inapishana na wagonjwa, wauguzi, wafagizi na ndugu waliokuja kutazama mgonjwa. Hakuna hata mmoja wao atakayevaa miwani. Kwa hao dalili lazima itoke kwenye roboti yenyewe: taa ya pembeni inayopepesa upande inakopinda, sauti, au mwanga unaomulikwa sakafuni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Örebro, Uswidi, wamewahi kufunga projekta kwenye gari la kunyanyulia paleti linalojiendesha ili limulike sakafuni njia linayotaka kupita, na kila aliyekuwepo aliona bila kuvaa chochote. Huo nao ni uhalisia mseto, na kwa wapita njia ndio sahihi. Miwani ibaki kwa wawili: fundi anayetafuta hitilafu na msimamizi anayepanga maeneo. Jozi moja au mbili kwa jengo, badala ya moja kwa kila kichwa.

Na miwani isihesabiwe kamwe kuwa kinga. Roboti za kubeba mizigo viwandani zina kiwango chao, ISO 3691-4, kinachodai kwamba kumtambua mtu na kusimamisha gari kufanywe na vifaa vilivyothibitishwa kwa kazi hiyo, yaani leza za usalama na kitufe chekundu kilicho mwilini mwa roboti. Kitufe kilichochorwa hewani kupitia waifai kiitwe simama kidogo, rangi yake isiwe nyekundu, na mafunzo yaseme wazi kwamba hakina dhamana. Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi hulisahau kwa sababu ya bei. Miwani za kamera, kama Meta Quest 3 iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 499, zinamwonyesha mtu dunia kupitia skrini. Programu ikiganda au betri ikiisha, mvaaji ni kipofu papo hapo, katikati ya njia ya roboti yenye paleti. Miwani ya vioo ikizimika, mtu bado anaona. Quest 3 ni nzuri kwa maabara na kwa kupanga maeneo roboti zikiwa zimezimwa. Isiingie kwenye njia zinazotumika.

Kununua kwenyewe kunataka tahadhari. HoloLens 2, iliyotoka mwaka 2019 kwa dola 3,500 na ambayo kazi nyingi za aina hii ziliegemea, Microsoft ilitangaza mwaka 2024 kwamba haitatengenezwa tena, na masahihisho yake ya usalama yanakoma mwisho wa 2027. Azure Spatial Anchors, huduma ya mtandaoni iliyowezesha miwani na roboti kushiriki nanga za mahali (nukta za kudumu za kulinganishia vipimo), ilizimwa Novemba 2024. Aliyejenga mfumo wake wote juu ya nanga hizo aliamka hana mahali. Jenga juu ya OpenXR, kiwango kinachokubaliwa na watengenezaji wengi, na nanga zako ziwe alama zilizobandikwa kwenye nguzo. Karatasi ya alama haizimwi na mtu aliye mbali.

Kwa Afrika Mashariki hili lina uzito wa ziada. Roboti si ngeni kwetu: mwaka 2020 Rwanda ilipokea roboti tano za kusaidia vita dhidi ya Uviko-19 na kuzipa majina ya Kinyarwanda, likiwemo Akazuba. Zinapokuja kwa msaada au kwa zabuni, fundi wa mtengenezaji yuko mbali, na anayebaki nazo ni kijana wa karakana ya hospitali. Huyo ndiye anayehitaji kuona kile roboti inachokiona. Wala hahitaji dola 3,500 ili aanze. Simu janja inayokubali ARCore, programu ya Google ya kuchora juu ya picha ya kamera, inafuatilia mahali pake, inasoma alama, na inaweza kuchora mstari wa leza na ramani ya vikwazo juu ya picha ya kamera. Mkono mmoja unashika simu, ndiyo, na dirisha ni dogo. Lakini doa la mbele ya hewa linaonekana, na linafutika kwa kidole gumba. Chuo chenye TurtleBot moja na simu mbili kinaweza kufundisha karibu yote yaliyoandikwa hapa, pamoja na hesabu ya kulinganisha fremu.

Mfumo ukikabidhiwa, usipokelewe kwa video. Bandika misalaba 10 ya utepe sakafuni, iliyotawanyika ukumbi mzima, ambayo mahali pake kwenye ramani ya roboti pamepimwa. Amuru miwani ichore nukta kwenye kila mmoja. Anayetazama asimame umbali wa mita 3, mwenzake aweke kijiti pale anapoambiwa nukta ilipo, na pengo lipimwe kwa futi ya chuma. Usiulize wastani, uliza lile pengo kubwa kuliko yote. Roboti yenye njia ya upana wa mita 1.5 haistahimili pengo la zaidi ya sentimita 15. Kisha mvaaji afanye kazi zake za kawaida kwa dakika 40, apite kati ya rafu zinazofanana, atoke nje juani na kurudi, abadilishe betri, na misalaba ipimwe upya bila kulinganisha fremu tena.